Maharagi ya Kulisha Udongo

Shamba letu liko nje kidogo ya Bunia, kwenye mteremko, mahali nyumba zinapokwisha na mihogo inapoanza. Mume wangu alilinunua zamani, tulipohamia kutoka Butembo, wakati duka letu la misumari na mabati lilikuwa bado linatulisha. Hatukulijali. Tulilikodisha kwa huyu na yule, na kila mmoja alipanda muhogo juu ya muhogo, akachoma majani, akaondoka. Kisha barabara zikaharibika kwa bunduki, malori yakawa hayafiki, na duka likabaki na rafu tupu. Ndipo nikakumbuka kwamba tuna shamba.

Nilipopiga jembe mara ya kwanza mkono uliniuma hadi begani. Udongo ulikuwa mwekundu na mgumu, na mvua iliponyesha maji yalipita juu yake yakaenda zake barabarani. Mahindi ya msimu ule yalifika magotini yakaona inatosha. Nina hasira za karibu, watoto wangu watakuambia, na siku ile nililitukana shamba kama ninavyomtukana mtu. Tulikuwa tumeanza kula mara moja kwa siku.

Kanisani kwetu alikuwapo muagronome mmoja, bwana shamba kijana, mpole, asiyejua kusema hapana. Alinipa makopo matatu ya mbegu za mukuna, punje nono za kijivu zenye madoa, zinazofanana kabisa na maharagi. Aliniambia nizipande, niache zitambae zifunike ardhi yote, kisha nizikate na kuyaacha majani yalale hapo hapo yaoze, nipande mahindi juu yake. Nisichome kitu. Halafu akanishika mkono.

"Mama, hii si chakula. Inafanana na maharagi, lakini iko na dawa kali ndani. Mutu akitaka kuikula, atachemsha, atamwaga maji, atachemsha tena, atamwaga, mara ine, mara tano. Ni kazi ya bure. Weye lisha udongo tu."

Nilimsikia vizuri. Nataka hilo lijulikane kabla sijaendelea.

Nilipanda pembe moja tu, kwa sababu mbegu hazikutosha zaidi. Majirani wakaniita mama ya majani. Wenzangu walikuwa wanafagia mashamba yao yakabaki meupe kama ua wa nyumba, mimi nilikuwa nalinda kichaka. Mume wangu, ambaye hajawahi kushika jembe bila kulalamika, aliniuliza kama nimeanza kufuga nyoka. Nilimjibu kwamba ninaye tayari mmoja nyumbani.

Lakini siku nilipoyakata yale majani na kuyainua, udongo chini yake ulikuwa umepoa na una unyevu, na nyungunyungu walikuwa wanajikunja kwenye mwanga. Jembe liliingia. Nililitoa nikalipiga tena mahali pengine, likaingia tena. Nilikaa chini nikalia, si kwa huzuni, na nilifurahi kwamba hakuna aliyeniona.

Pembe ile ilitupa mahindi ya urefu wangu. Sehemu nyingine yote ilibaki tofali. Kwa hiyo msimu uliofuata nilipanda mukuna kwenye kipande cha chini na kuiacha ikomae hadi itoe maganda, ili nipate mbegu za kufunika shamba zima. Mbegu zile hazikuwa zinauzwa sokoni, na muagronome alikuwa amehamishwa kwenda mbali. Zikipotea, tungerudi kwenye mahindi ya magotini. Niliyalinda maganda yale kuliko nilivyowahi kulinda kitu chochote cha duka.

Mwaka huo huo watu wa Djugu walikuwa wanafika kila wiki na magodoro vichwani. Walipewa uwanja chini ya shamba letu, wakasimamisha vibanda vya mabashi, yale maturubai meupe yanayogawiwa wakimbizi. Jumapili kanisani niliwaonea huruma. Jumatatu, nilipowakuta wanakata njia katikati ya shamba langu, huruma ilikuwa imekwisha.

Mmoja wao alikuwa mwanamke mzee. Tulimwita koko, kama tunavyowaita nyanya wote huku. Aliishi na mke wa mwanawe katika kibanda cha kwanza kabisa, kile kilichogusana na mpaka wangu. Mumewe na wanawe wawili waliuawa asubuhi moja katika shamba lao la mahindi, yeye akiwa nyuma ya nyumba anakata kuni. Alinihadithia hayo akiwa anachambua majani ya viazi niliyompa, bila kuinua macho. Nilimwongezea majani.

Alikuwa mkulima kuliko mimi. Siku moja aliinama kwenye ile pembe yangu iliyopona, akachukua udongo, akauvunja kwa vidole, akaunusa.

"Udongo hii imeanza kupona," alisema. "Kwetu ilikuwa hivi. Unaweka mukono, inaingia."

Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameona. Nilimpenda kwa neno hilo. Kisha akaonyesha ile mimea iliyotambaa kipande cha chini, akaniuliza ni maharagi ya namna gani. Nikamwambia ni ya kulisha udongo.

"Udongo inakula maharagi," akasema, "na siye tunakula majani." Tukacheka wote wawili. Sikumweleza zaidi. Nilikuwa na haraka, na isitoshe sikufikiri kwamba ningehitaji kumweleza.

Kiangazi kikaingia. Maganda yakawa meusi, yakaanza kukauka. Nilikuwa nimepanga kuyachuma Jumamosi. Alhamisi asubuhi nilifika nikakuta karibu nusu ya kipande kile kiko uchi, mimea imekanyagwa, na nyayo zinashuka moja kwa moja kwenye mabashi.

Ninajua nilichowaza, kwa hiyo nitakiandika. Niliwaza: waache wale. Watatapika, watajua kwamba shamba la mtu si soko. Za mwizi ni arobaini, nilijisemea, na maneno hayo yakaniburudisha. Kutoka nilipokuwa nimesimama niliwasikia wanakohoa na kuitana. Nilisikia kifuniko cha sufuria. Ningepaza sauti tu wangenisikia. Badala yake nilichuma maganda yaliyobaki, hata yale ambayo hayajakauka vizuri, nikajaza gunia, nikaenda nyumbani.

Mume wangu alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Umewaambia kama ile haikuliwi?"

"Kesho."

"Mwenye njaa hana miiko, mama. Wataipika leo."

"Waje kwanza kuniomba musamaha."

Akarudi kwenye redio yake. Huwa hagombani na mimi, amechoka zamani. Kesho yake nilishinda uani nabangua maganda, na kila punje niliyoitoa ilinikumbusha zile zilizoibwa, na hasira ikapata kuni mpya. Sikwenda. Siku iliyofuata pia sikwenda.

Jumapili, kabla hatujatoka kwenda kanisani, mke wa mwanawe koko alikuja mlangoni kwetu. Alikuwa pekupeku na kitambaa cha kichwa kimefunguka.

"Mama, nakuomba. Koko iko naongea na watu wenye walikufa."

Nilikimbia, nikiwa na nguo zangu za ibada. Ndani ya kibanda kulikuwa na joto na harufu ya matapishi. Sufuria ilikuwa pale pale kwenye mafiga, na ndani yake, chini kabisa, punje chache nilizozifahamu, kwenye mchuzi mzito wa kijivu. Yule mkwe alinieleza huku analia. Maji yao yalikuwa bido moja, dumu la plastiki, kwa siku, baada ya foleni ya asubuhi nzima. Kuni walizitafuta mbali. Nani atamwaga maji aliyopikia? Walichemsha mara moja tu, siku tatu mfululizo. Yeye mwenyewe alikula punje kidogo, na mchuzi wote alimpa koko, kwa sababu mchuzi ni wa mkubwa. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na hivyo ndivyo nilivyolelewa mimi.

Koko alikuwa amekaa kwenye mkeka. Macho yake yalikuwa makubwa na mikono haitulii. Alikuwa anasogeza vitu, anafanya nafasi upande wa kulia, anafanya nafasi upande wa kushoto.

"Pita huku," aliniambia. "Usikanyage mutoto." Kisha akageukia mahali patupu. "Kaa, baba watoto. Chakula iko. Umechelewa mu shamba."

Alikuwa anacheka. Sijawahi kumwona na furaha ile, kabla wala baada. Akanitazama akasema sahani hazitoshi, wamekuja wote watatu, nilete nyingine. Nilitafuta sahani nyingine sikuiona. Nikampa kifuniko cha sufuria. Alikipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akakiweka mbele ya yule asiyekuwapo, halafu akatapika.

Nje watu walikuwa wamejaa, na neno sumu lilikuwa limeshaanza kutembea. Nilitoka nikawaambia ni yale maharagi, hayajapikwa inavyotakiwa, kama kuna mwingine aliyekula aseme. Wanawake wawili waliinama. Mwanamume mmoja akauliza kwa nini mtu apande sumu karibu na watu wenye njaa. Tuliita moto, pikipiki ya kubeba abiria, tukamkalisha koko katikati, mkwe wake akamshika kwa nyuma, nami nikafuata kwa moto ya pili hadi kituo cha afya. Njia nzima nilimwona anapunga mkono kwa watu wa kandokando, akisalimia.

Walimtundikia maji. Muuguzi alisema hakuna dawa yake, ni kungoja itoke mwilini, na kwamba mwili wa mzee hauna akiba. Tukakaa kwenye benchi. Mchana mkwe wake akaniuliza, akiwa anatazama sakafu:

"Mama, weye ulijua hii maharagi inaweza kufanya mutu hivi?"

"Nilijua haikuliwi hivi hivi."

"Na ulijua tulichuma?"

"Hapana," nilisema. "Ningejua namna gani?"

Akanishika mkono akanishukuru kwa kukimbia na nguo za ibada. Niliuacha mkono wangu pale. Nimewahi kudanganya wateja juu ya mabati, nimedanganya hata kanisani, lakini uongo ule bado ninausikia ulivyotoka, kwa sauti nzuri, bila kujikwaa.

Koko alikaa pale siku tatu. Siku ya pili aliacha kuzungumza na watu wake. Aliwatafuta, akageuza kichwa huku na huku, akamuuliza muuguzi wamekwenda wapi. Muuguzi, kwa wema, akamwambia hawajawahi kuwapo. Baada ya hapo hakuomba kitu, hata maji.

Wale wanawake wawili walipona haraka. Mimi nilipita kibanda kwa kibanda nikieleza namna ya kuchemsha na kumwaga, nikieleza kile ambacho kingenigharimu dakika tano ile Alhamisi. Walinisikiliza kwa heshima inayoumiza. Mtoto mmoja alinikimbia.

Mvua ziliporudi nilikuwa na gunia moja la mbegu. Halikutosha shamba zima, lakini lilitosha sehemu kubwa. Nilikuwa napanda, nachimba kwa fimbo kwenye ule udongo mgumu na kudondosha punje mbili mbili, nilipomwona koko anapanda mteremko polepole. Alikuwa amekonda hadi nguo ilimzunguka. Nilikuwa nimejiandaa wiki nyingi. Nilikuwa nimepanga kumwambia: koko, niliona nyayo zenu, nikanyamaza makusudi.

Alisalimia. Nikamletea kigoda. Na badala ya yale niliyoyapanga nikajikuta naeleza mapishi. Nilimwambia unachemsha saa nzima, unamwaga, unaweka maji mapya, unachemsha tena, unamwaga, hadi mara tano, na maganda ya ndani unayatoa. Alinisikiliza kwa makini, akirudia kwa vidole.

"Mara tano."

"Mara tano, koko."

"Na ukimwaga ile maji yote," akauliza, "watu yangu wanakuja tena?"

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa.

"Hapana, koko. Hawakuji."

Alitazama gunia lililokuwa kati yetu.

"Basi unipe kopo moja. Nitapika na maji moja, vile tulipika."

"Siwezi."

"Nusu."

"Siwezi, koko. Safari hii utakufa."

Hakubisha juu ya kufa. Alinyoosha mkono, kiganja wazi, kama alivyokuwa ananyoosha nilipokuwa nampa majani ya viazi, akangoja. Nami nikaona kwamba nimelivuta gunia kifuani kwangu na nimelishika mdomo kwa mikono yote miwili. Tulikaa hivyo hadi mkono wake ukachoka akaushusha.

"Weye mama, uko na choyo," akasema. Alisema bila hasira, kama mtu anayesema mvua itanyesha.

Nilitaka kumwambia kwamba safari hii si choyo. Lakini ningelazimika kumwambia na safari ile nyingine ilikuwa nini. Nikanyamaza, naye akainuka akashuka.