Vipunje Chini ya Meza ya Kulyan

Kwa miaka thelathini na moja Kulyan alijaza vipunje vya lithiamu, hapa kwenye kinu chetu cha nyuklia kando ya mto Irtish. Ni vidogo kama punje za ulezi. Vikipigwa na nyutroni vinazaa tritiamu, gesi itakayokuwa kuni za tanuri la kuunganisha atomi, ambalo dunia bado inalisubiri. Yeye alipima na kujaza kopo. Serikbol, chumba cha pili pamoja nami, alikokotoa kwa kompyuta tritiamu kiasi gani itazaliwa.

"Dada, unajaza au unaonja?" alimchokoza kopo likichelewa.

"Kaa na namba zako huko. Namba hazimwagiki."

Mwaka wa mwisho mikono ya Kulyan ilianza kutetemeka. Aliificha, maana kwake kustaafu kulikuwa sawa na kuzikwa. Siku ya jaribio kubwa, vipunje vilivyokwisha pimwa vikamponyoka, kiganja kizima, vikatawanyika chini ya meza. Vya akiba havikuwepo. Angesema tu. Badala yake alivifagia kando, akafunga kopo likiwa pungufu, uzito wa mwanzo akauacha vilevile daftarini. Nampenda mama yule, lakini kwa hilo bado nina hasira naye.

Tritiamu ikatoka pungufu ya hesabu. Serikbol alirudia hesabu majira yote ya baridi, hakuona kosa, akaamua kwamba kosa ni yeye mwenyewe. Akaiondoa kwenye matumizi hesabu yake, kazi ya miaka kumi na miwili. Theluji ilipoyeyuka, ugonjwa wa ini ulikuwa umemlaza kitandani.

Huku kwetu mtu akikaribia kukata roho, watu wake huitwa wapeane radhi. Kulyan alikwenda asubuhi, ameazimia kusema. Chumba kilijaa ndugu. Serikbol akamtangulia.

"Dada, miaka yote hiyo nimekuchosha na hesabu mbovu. Niwie radhi."

"Nimekusamehe, mdogo wangu," akasema. "Pumzika."

Tulimzika kesho yake. Wiki iliyofuata Kulyan aliniletea mkebe wa majani ya chai. Ndani mlikuwa na vipunje alivyofagia. Tukavipima, nikaingiza uzito wa kweli kwenye hesabu ya Serikbol. Ikalingana na jaribio.

Kila Ijumaa, kwa desturi yetu ya kuwaombea wafu, Kulyan anamkaangia marehemu mikate saba, anawagawia majirani. Juzi nilimweleza kwamba hesabu ile imerudishwa, inatumika, na ina jina la Serikbol. Nilidhani atafarijika.

"Aliniomba radhi, nikampa," alisema, akigeuza mkate. "Mimi sikumwomba."