Bwana Ratili na Sindano Isiyopimwa kwa Kilo

Mwenye bucha ya mtaani alijulikana kwa wote kama Bwana Ratili, jina alilolipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwake yeye, hakuna jambo duniani lisilopimika kwa mizani. Jirani akifiwa, yeye huuliza marehemu alikuwa na kilo ngapi. Kijana akija mtaani kuposa, humkagua kuanzia shingo hadi paja kama anayetafuta pa kuanzia kukata. Mwenyewe alikuwa na kilo mia na ushee, na alizitaja kwa fahari kama mtu anayetaja watoto wake waliofaulu mtihani.

Mkewe alikuwa mwembamba. Miaka yote ya ndoa alikaa nyuma ya bucha akiosha matumbo na kupangusa damu sakafuni, na miaka yote aliomba jambo moja tu: asimame mbele, kwenye gogo la kukatia, auze nyama. Jibu halikubadilika. Kisu, alisema mumewe, kitambeba huyu mwembamba kabla hajakibeba. Wateja walicheka, mke akaendelea kuosha.

Basi ikatoka amri kwamba kila anayegusa nyama sokoni achanjwe, la sivyo afunge biashara. Mtaa mzima ukageuka daktari. Huyu anasema homa ya chanjo huwapata wembamba, yule anaapa kwamba huwaandama wanene. Bwana Ratili hakuhangaika. Alieleza, huku akipasua mbavu, kwamba dawa ni kama chumvi: ukiitia kwenye kikombe utakunja uso, ukiitia kwenye pipa hutaisikia. Yeye ni pipa. Mkewe, maskini, ni kikombe, tena cha kahawa.

"Na pipa likilala, mume wangu?" mkewe akauliza kutoka nyuma, mikono imejaa matumbo.

Wateja wakageuka. Bwana Ratili akaweka shoka chini ili asikike vizuri.

"Sindano ikinilaza mimi, wewe ushike kisu. Tena si siku moja. Mpaka uchoke. Na hawa wote mashahidi."

Ijumaa wakaenda zahanati. Bwana Ratili alikodolea macho kichupa, kisha bomba la sindano, akaona kwamba amepewa kiasi kilekile alichopewa mkewe. Mtu aliyezoea kuwaongezea wateja mfupa badala ya nyama anajua sana dalili za kupunjwa. Akadai ya kwake iongezwe. Muuguzi, binti mwenye subira, akamweleza kwamba chanjo hii haigawiwi kwa kilo, watu wazima wote hupata sawa. Uzito, umri, kuwa mwanamke au mwanamume, hayo yote yanaweza kuchangia jinsi mwili unavyolalamika baadaye, na wataalamu huyachunguza kwa maelfu ya watu. Lakini kumtazama mtu mmoja kwenye benchi na kujua kama kesho atatetemeka, hilo hakuna mizani inayoliweza.

Bwana Ratili alisikia hadi kwenye neno "uzito", akatosheka. Muuguzi akaomba mkono wa kushoto. Yeye akatoa wa kulia, kwa kuwa ndio ulionona.

"Baba, huo si ndio wa kazi? Unaweza kukuuma kesho."

"Mwanangu, mambo ya nyama niachie mimi."

Muuguzi akachoma palepale alipoonyeshwa.

Jumamosi, siku ambayo bucha hufurika, pipa lilikuwa chini ya mablanketi mawili, meno yakigongana. Mkono wa shoka haukuweza hata kukuna sikio. Muuza mkaa, mama aliyemzidi unene na aliyechanjwa siku ileile, akapita dirishani na gunia mgongoni, akamwuliza kama pipa hulazwa chali au kifudifudi ndipo chumvi iyeyuke. Mke naye aliamka na kichwa kizito kidogo, akanywa chai, akajifunga aproni, akachukua funguo. Bwana Ratili akajifariji kwamba mkewe atarudi kabla ya adhuhuri, akilia na kidole kimefungwa kitambaa. Mke alirudi jioni, anapiga mluzi.

Jumatatu homa ilikuwa imekwisha, akaenda kurudisha ufalme wake. Akakuta foleni. Mke hakuwa akipasua mifupa kwa nguvu, alitafuta kiungo, kisu kikapita chenyewe. Bwana Ratili akapenya hadi kwenye gogo, akaanza kueleza kwamba ile haikuwa homa ya chanjo, ni baridi tu, na kwamba muuguzi alimpunja, na kwamba kulala siku mbili si kulala. Mteja mmoja akamkumbusha, kwa adabu zote, kwamba foleni inaanzia kule nyuma.

Akainama sikioni mwa mkewe. "Umeshachoka, mama?"

Mke akafuta kisu, akatazama foleni, akamtazama yeye.

"Bado, mume wangu. Hebu nipishe, watu wanasubiri."

Bwana Ratili na kilo zake zote akapisha.