Kipimo cha Mlangoni

Binti yangu alikuwa na miaka tisa alipopandikizwa uboho wa kaka yake ili apone selimundu. Kinga yake ya zamani ilikuwa imefutwa yote, mpya bado changa, kwa hiyo hatukurudi nyumbani Mafinga. Tulipanga chumba Mbeya, karibu na hospitali, na kila Jumatatu alitolewa damu kutafuta virusi.

"Kuna kirusi kimoja karibu watu wote tunacho," mtaalamu wa maabara alimweleza. "Kimelala tu mwilini. Kinga ikishuka, kinaamka."

"Kinakoroma?" binti yangu akauliza.

"Kingekoroma, nisingekuchoma sindano."

Tangu siku hiyo naye akafungua maabara yake, mlangoni kwetu. Alikuwa amegundua kwamba mwenye mafua hawezi kutamka "mama". Kila mgeni alipimwa. Mwenye nyumba alifaulu. Kisha akaja mama mkwe wangu kutoka Nyololo, na kapu la viazi, kajitanda mtandio hadi puani.

"Shikamoo bibi. Sema mama."

"Baba."

"Umefeli."

"Di vubi la djiadi, bjukuu wagu!"

Mama mkwe, ambaye kwa miaka kumi na miwili sikuwahi kumbishia, akabaki uani. Nilimpelekea kiti na chai, kisha nikarudi ndani kucheka, uso nimeuficha kwenye kanga.

Jumatatu iliyofuata daktari alipiga simu: kirusi kimeonekana kwenye damu.

"Lakini anaruka kamba!" nikasema.

"Ndiyo maana tunapima, mama. Tumekikuta kabla hakijafika kwenye mapafu."

Nikampigia mume wangu na kumwaga lawama zote juu ya mama yake. Siku ya pili daktari akanieleza kwamba mafua ya bibi hayahusiki kabisa. Kirusi hiki ni cha mtoto mwenyewe, alikuwa nacho siku zote. Ilibidi nimpigie mama mkwe kumwomba radhi kwa maneno ambayo, kumbe, mwanawe hakuwa amemfikishia. Akataka nimweleze yote, neno kwa neno. Nikamweleza.

Binti yangu alikaa kwenye dripu wiki tatu, kanuna, hataki chakula. Mwishowe majibu yakatoka: hakionekani.

"Kwa hiyo tumemaliza?" akauliza.

"Bado," mtaalamu akasema. "Jumatatu tena."

Binti yangu akakunja mkono wa sweta, akamtolea ulimi.