Kiti cha Baba Ndani ya Kompyuta

Hata leo nikinusa vumbi linaloungua juu ya kitu cha umeme, narudi mbio kwenye nyumba yetu ya askari magereza pale Jinja, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Kompyuta yetu ikipata moto ilitoa harufu hiyo, na upepo wa kutoka Masese ulileta harufu ya mukene, dagaa wetu wa ziwani, wakianikwa juani, basi sebule nzima ikanuka kama ofisi iliyohamia ufukweni. Skrini yake ilikuwa nene kuliko friji ya mkuu wa gereza. Ikiwashwa ilinguruma, taa ya jikoni ikafifia, na naapa kuku wa jirani waliacha kutaga. Mjomba Isabirye, kaka yake mama, karani wa kiwanda kimoja, ndiye aliyetuletea kompyuta hiyo baada ya ofisi yao kupata mpya.

Mjomba alitueleza kwamba mashine hii si kama redio ambayo kila mpita njia anaizungusha. Kila mtu huingia kwa jina lake, na lazima awepo mmoja msimamizi, mwenye kuruhusu na kukataza. "Sasa nani msimamizi hapa?" akauliza. Ilikuwa kama kuuliza jua linatokea upande gani. Baba, sajenti ambaye alikuwa hajawahi kugusa kibodi maishani, alivuta kiti akasema, "Andika mimi." Mjomba akamwambia aweke neno la siri, kisha akageukia ukuta kwa heshima. Sote tukageuka, hata mama. Tukasikia kitufe kikibonyezwa mara moja, halafu baba: "Tayari." Mama alipewa jina la mtumiaji wa kawaida, mimi na kaka yangu Wamboka tukapewa moja la kugawana, na lilikuwepo jingine lililokuja na mashine yenyewe, la mgeni. Baba alifurahi sana. "Kama kambini," alisema. "Kila mtu na cheo chake." Mimi sikuelewa kitu. Nilidhani ndani ya lile sanduku kuna nyumba nyingine ndogo, nasi tumepangiwa vyumba.

Haukupita muda mrefu baba akahamishiwa Mbale, na mjomba akapata kazi Kenya, asijulikane anapatikana wapi. Kompyuta ikabaki na mama, ambaye alipiga chapa kwa kasi hata mbu waliogopa kutua mikononi mwake. Ndipo mdogo wake, mama mdogo Babirye, alipopata mchumba, na siku ya kumtambulisha kwa wazazi ikapangwa Jumamosi. Mama alisimama mbele ya ukoo mzima akatangaza kwamba ratiba na kadi zote zitatoka nyumbani kwake. Fundi wa taipureta mjini alipojitolea kusaidia, mama alimjibu, "Ahsante bwana, sisi tuna yetu." Shemeji mmoja alituazima printa. Tukaiunganisha, na mashine ikaandika Kiingereza ambacho mama alikisoma mara nyingi huku sauti ikishuka: kazi hiyo ni ya msimamizi peke yake.

Mama alijaribu jina lake, ikakataa. Alijaribu letu, ikakataa. Kisha uso wake ukang'aa. "Tuingie kama mgeni!" Ilikuwa hoja safi kabisa. Kwetu mgeni hupewa kiti kizuri, hupewa nyama na watoto wakapewa mchuzi, na akitaka redio izimwe inazimwa. Nani atamnyima mgeni printa? Tukaingia kama mgeni, na lo, mgeni wa mle ndani alikuwa na hali mbaya kuliko mahabusu. Hata saa hakuruhusiwa kuirekebisha. Mama aliiangalia skrini kama mtu aliyetukanwa sokoni. "Nyumba ya namna gani hii?" aliuliza. "Mgeni hapewi hata kiti!"

Wamboka akasogeza mshale kwenye jina la baba. Mama akampiga kofi mkononi. "Wewe! Hilo ni la baba yenu!" Na sote tulielewa, maana hapo hapo dirishani kilikuwepo kiti cha baba chenye kitambaa alichokifuma mama, na tangu baba aende Mbale tulikifuta vumbi bila mtu kukikalia. Kwa hiyo mama alinishika mkono, tukasafiri kwenda Mbale kuomba neno la siri.

Tulimkuta baba kwenye chumba alichopanga mtaa wa Namakwekwe, akinyoosha sare kwa pasi ya makaa. Nje waendesha boda boda walikuwa wakigombania abiria.

"Afande," mama alianza. Alimwita hivyo akiwa na haja. "Tupe neno."

"Neno gani?"

"La kompyuta. Jumamosi watu wanakuja kwa Babirye na mashine imeninyima."

Baba aliweka pasi chini. "Si uingie tu?"

"Niingie wapi?"

"Kwa jina langu. Bonyeza kile kitufe kikubwa. Neno hakuna."

"Hakuna?"

"La nini? Kuna mtu pale nyumbani angeingia kwa jina langu?"

Mama akacheka mpaka akakaa juu ya gunia la makaa. Mlango tuliosafiri siku nzima kuutafutia ufunguo ulikuwa wazi tangu mwanzo.

"Sasa naruhusiwa?" mama aliuliza akijifuta machozi.

Baba alijinyoosha kama hakimu. "Ingia. Lakini ukimaliza, toka."

Tuliporudi Jinja mama alifunga kitambaa chake vizuri kichwani, akasogea mbele ya kompyuta, akasema taratibu, "Hodi." Naapa alisema. Akabonyeza, mashine ikafunguka bila ubishi, na printa ikaanza kupiga kelele kama bata. Jumamosi wakwe walishika kadi zao wakazigeuza huku na huku, na mama alitembea kati yao kana kwamba yeye ndiye bibi harusi. Kwenye jina la baba alikuwa ameshatoka, kama alivyoagizwa.

Sasa nina nyumba yangu Mbale, na cheti changu cha masomo ya jioni kinaning'inia ukutani. Kwenye kompyuta ya nyumbani mimi ndiye msimamizi, na neno langu la siri lilikuwa refu kama ukuta wa gereza. Kitindamimba wangu alilipata kabla uji haujapoa, akajifanya yeye msimamizi, mimi akaniweka mgeni. Na bado sijui kama baba alikuwa na akili nyingi au siku ile hakuelewa tu mjomba alichomwambia. Nilimuuliza, sasa ni mzee mstaafu, akanijibu, "Ilifanya kazi au haikufanya?" Basi juzi, baada ya kumwamuru kitindamimba anirudishie cheo changu, nililiondoa neno langu lote, nikabakiza kile kitufe kikubwa, nijaribu bahati ya baba. Niliinuka kwenda kuchukua chai. Niliporudi watoto walikuwa wameshaingia, na mmoja wao amekalia kiti changu.