Kisugulio cha Shaba

Vijana mtakaosoma haya, chekeni mkimaliza. Mwanangu Rajabu alileta gramafoni nyumbani kwetu Usagara, akaiunga na redio kwa waya uliovishwa wavu wa shaba. Mimi nikaona ni pambo tu. Sufuria zangu zilikuwa na ukoko. Nikauvua ule wavu, nikapata kisugulio kizuri.

Ijumaa akaja mama wa Mwanaidi, mke wa Rajabu, kusikiliza santuri. Gramafoni ikaunguruma kama ng'ombe aliyevimbiwa, wimbo hausikiki. Nikamgeukia Mwanaidi mbele ya mama yake.

“Wewe ndiye unayefagia hapa. Umeiharibu.”

Mwanaidi akalia. Mama yake akavaa buibui lake. “Kama mwanangu ni mharibifu, mwenzangu, narudi naye kwetu Mkwaja.”

Rajabu akainama nyuma ya redio. “Mama, waya uko uchi. Ule wavu ndio unaozuia ngurumo ya umeme isiingie.”

Mwanaidi akafuta machozi, akaenda jikoni, akarudi na sufuria. Wavu umo ndani, umejaa masizi. “Mama, kisugulio hiki ulikitoa wapi?”

Nikamwomba radhi mbele ya wote. Kisha nikaamuru: “Toka leo sufuria zisuguliwe kwa mchanga na kumbi la nazi. Na mimi nisiachwe peke yangu na gramafoni.”