Idd ya Bi Solanji

Siku za mwisho za Ramadhani, nyumba yetu ya Mji wa Kale ilinukia iliki na samli kutoka mlangoni hadi darini. Mama alikaanga tambi za Idd mapema, akazitia kwenye bati la biskuti na kulificha juu ya kabati, nami niliyekuwa na miaka minane na funga zangu za nusu siku nikawa nashinda chini ya kabati lile kama paka wa buchani. Kichochoro chetu kilikuwa chembamba, tuktuk hazikuingia. Jirani wa ng'ambo akifungua dirisha, tulijua anapika nini na anamgombeza nani. Na chumba cha juu, chenye dirisha la mbao zilizochongwa, mama alikuwa amempangisha mgeni kutoka Ufaransa.

Alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, mvi zake kazikata fupi, miwani kaifunga kamba shingoni. Jina lake majirani walilipiga randa likawa Solanji, naye akalipokea bila kununa. Kazi yake ilikuwa falsafa ya sayansi. Wanawake walimhoji mama mpaka akachoka. "Asoma vile watu wajuavyo kitu," akawajibu. Jirani mmoja akashika kiuno: "Ala! Na kwa hilo alipwa?" Wakacheka mpaka yeye mwenyewe akatokeza kichwa dirishani kuuliza kichekesho ni nini.

Maisha yake nilisimuliwa kidogo kidogo, jikoni, akimsaidia mama kumenya vitunguu saumu. Alizaliwa kwenye mji wa wachimba makaa, kaskazini ya kwao; baba yake akitengeneza saa. Alikuwa hodari wa hesabu, akasoma elimu ya nyota, akapata kazi kwenye kituo cha darubini juu ya mlima. Usiku mmoja akaona kitu hafifu pembeni mwa nyota fulani, akaripoti. Wakubwa wake wakaangalia kwa darubini yao wasione kitu, wakamtaka aifute ripoti. Akakataa. "Sikusema najua ni nini," alimwambia mama kwa Kiswahili chake cha kupapasa. "Nilisema nimeona." Mkataba ulipokwisha hawakumpa mwingine. Ndipo akahamia falsafa, akitaka kujua ni macho ya nani yanayoaminiwa na kwa nini. Huko nako hakupokewa vizuri: wanafalsafa walimwona mtu wa nyota, na watu wa nyota wakamwona mtu wa maneno. Kisha akasikia kuna miji ambayo watu wote, tajiri na maskini, husubiri jicho la mtu mmoja ndipo wajue kesho ni siku gani. Akafunga mizigo akaja Mombasa kuandika kitabu. Mwezi ule mzima alifunga nasi bila kulazimishwa. Alisema hawezi kuwauliza watu habari za mwezi wanaousubiri kwa njaa, yeye kashiba.

Sasa, mwaka ule mimi nilikuwa na haja yangu, na haja yenyewe ilikuwa baba. Alikuwa fundi wa injini kwenye meli ya mizigo. Tangu nianze kupata akili, sikuwahi kula Idd naye. Kila Idd ilimkuta baharini. Mwaka ule meli yake ilikuwa imefunga gati ya Mbaraki, na ingeondoka kesho yake ya mwezi ishirini na tisa, alasiri. Hata mtoto aliweza kupiga hesabu hiyo. Mwezi ukiandama jioni ile, kesho Idd, na baba yuko nasi asubuhi yote. Usipoandama, tunatimiza thelathini, na Idd inamkuta njiani. Niliuombea mwezi ule kuliko nilivyowahi kuomba kitu chochote, wallahi.

Jioni tulipanda darini, mahali mama anapoanika nguo. Kila dari ilikuwa na watu, shingo zimenyooka magharibi, upande wa Changamwe, na huko wingu limejitandaza, jeusi, halina hata aibu. Baba alikuwa kanibeba mabegani. Bi Solanji alisimama peke yake kwenye ukuta, kavua miwani, anaifuta, anaivaa tena. Mara akanyoosha mkono. "Pale!" Tulipogeuka, wingu lilikuwa limeshafunga.

"Umeuona?" baba akamuuliza.

"Nimeuona. Kitambo kidogo tu. Mwembamba sana, umelala chali, pembe juu."

Nilipiga kelele za furaha mpaka watu wa dari la jirani wakaitika. Lakini mama aliniteremsha mabegani taratibu. "Nyamaza, mwanangu. Ushahidi wa mwezi wataka Muislamu." Tukashuka, tukafuturu, tukakaa mbele ya redio kusubiri tangazo la Kadhi. Kote pwani hapakutokea aliyeuona. Kesho ni funga. Mimi nililia kwa kwikwi. "Mwambieni Kadhi! Si ameuona? Si amesema?" Bi Solanji hakuniangalia. Alikuwa anaangalia mikono yake, na uso wake umeparara. Nilikuwa mdogo, lakini kile kisa cha mlimani nilikuwa nakijua, nikaona kimemrudia palepale kwenye busati letu.

Baba akasogea akaketi mbele yake. "Bi Solanji, mimi nakuamini."

Akanyanyua macho.

"Nakuamini kabisa. Mwezi umeandama, na wewe umeuona. Lakini kesho nafunga na mji."

Mwenzangu, yule hakuwa mtu wa kuacha jambo lipite. "Vipi uniamini, kisha usinifuate?"

Baba alikuna kidevu. "Nikikufuata wewe, huyu jirani amfuate nani? Kesho kila dari litakuwa na Idd yake." Kisha akatabasamu, lile tabasamu lake la upande. "Lakini wewe jambo lako ni mbali. Kwetu aliyeuona mwezi peke yake, akawa hana wa kumkubali, yeye hufungua. Tena kwa siri, asiwatie watu fitna. Umefunga nasi mwezi mzima, basi na hili ni lako. Kesho ni Idd yako, Bi, hutaki wataka."

Bi Solanji alicheka, akajifuta macho, akacheka tena. Na mama, ambaye hakuwa na muda wa falsafa, alikuwa keshasimama kuliteremsha bati kabatini. "Haiwezekani mtu ale Idd peke yake kama mkiwa," akasema, akaninyooshea kidole. "Zuhura hajabaleghe, hana funga juu yake. Atapanda naye."

Basi asubuhi ile, mji wote umefunga, mimi nilivaa gauni langu jipya nikapanda juu. Mama alikuwa ameyabana madirisha harufu isiwafikie majirani, akatandika mkeka, akaweka tambi, mahamri na mbaazi, akamfunga Bi Solanji leso mpya. Tulikula kwa kunong'ona kama wezi. Nusu ya tambi zilikuwa bado mdomoni mwangu mlango ulipofunguliwa, baba akaingia. Hakuvaa nguo za kazi. Alivaa kanzu yake nyeupe ya Idd na kofia, kajipaka udi. Alikaa kati yetu, midomo mikavu kwa funga, akatupa mkono wa Idd mmoja mmoja, akatuuliza chakula kitamu? Nilimwambia kitamu. Akasema alhamdulillahi, akakaa mpaka tukamaliza, kisha akaenda kuvaa nguo za kazi.

Jioni ya siku ile mwezi ulitoka mnene, umekwenda juu, na wanawake kwenye madari wakapigiana kelele: "Huo wa siku mbili huo!" Nikamtazama Bi Solanji, nikidhani atajipiga kifua. Akatikisa kichwa. Unene wa mwezi, aliniambia, hauthibitishi kitu. Loo, nilimkasirikia!

Kitabu chake kilitoka baadaye, naye akapewa kiti cha uprofesa alichonyimwa miaka yote. Alitupigia simu mwenyewe kumwambia baba, na baba akamwambia alijua tu. Walibaki marafiki mpaka baba alipofariki, kitandani kwake, nyumbani. Bi Solanji sasa amestaafu, mzee sana, na bado ana maswali mengi kuliko watoto wangu wote.

Mimi naishi nyumba ile ile, na sina malalamiko. Siku hizi mwezi unakuja kwenye simu. Mwaka huu nilikuwa bado ngazini ujumbe ulipoingia, kesho Idd, na darini hapakuwa na mtu ila matangi ya maji. Nilishuka nikakaanga tambi kwa raha zangu. Watoto walifurahi, nyumba ikanukia. Binti yangu mdogo peke yake ndiye aliyekuja jikoni akaniuliza, "Mama, nani ameuona?"

Niliichukua simu nikausoma ujumbe tena, juu mpaka chini. Haukuwa na jina la mtu.