Alama ya A Kabla ya Gunia la Kwanza

Saa nne asubuhi, karakana ya Bugene. Placidia Ainembabazi amepiga goti mbele ya mashine ya kukoboa kahawa, mikono imejaa grisi na uso ameukunja. Leo mhadhiri wa chuo anakuja kukagua mafunzo. Pembeni yake Celestin, mwanafunzi wa uhandisi aliyeletwa na chuo kwa mafunzo ya vitendo, anang'oa beringi iliyokufa.

Mwenye mashine, Mama Mukantabana, ametoka Kaisho na pikipiki. Kahawa ya kikundi chake cha akina mama imeshakauka na mawingu yanatisha.

Mwenye karakana, Mzee Elipidius Kaijage, ana sheria moja tu. Aliyefungua mashine ndiye anayeifunga, na ndiye anayekoboa gunia la kwanza mbele ya mwenyewe. Kahawa ikitoka imevunjika, anafungua upya.

Sheria hiyo Placidia aliijua kwa machungu. Alifika hapa na shahada ya uhandisi wa kilimo, baada ya miaka minne darasani na wiki nane za mafunzo ya vitendo ambazo alizimaliza akichemsha chai katika ofisi moja mjini.

"Nilipewa A," anasema, sauti ikipanda. "A ya nini? Ya chai? Nikaja hapa, nikakaza kisu cha mashine kupita kiasi, kahawa ya mama wa watu ikatoka vipande vipande. Alilia mbele yangu. Nani alimtia hasara, mimi au chuo?"

Mzee Kaijage hakumfukuza. Alimpa spana, akamwambia afungue tena. Huu ni mwaka wake wa tatu, na sasa yeye ndiye anayefundisha.

Saa tano gari la chuo linasimama nje. Mhadhiri anashusha kioo, anamwita Celestin, anampiga picha akiwa na spana mkononi. Hashuki.

"Shikamoo, mwalimu. Karibu ndani. Gunia la kwanza linapita mchana huu," Placidia anamwambia.

"Marahaba. Dada yangu, nina wanafunzi arobaini, Karagwe na Kyerwa yote mpaka Kimuli, na niko peke yangu. Huyu nimeshamwona. Celestin, hongera, A yako hiyo."

Amemwona! Dirishani, injini ikiunguruma.

Gari likishatokomea, Celestin ananawa mikono kwa sabuni ya unga na kuchukua begi lake.

"Dada, naomba ruhusa. Niwahi gari la Bukoba."

"Na mashine ya huyu mama uliyoifungua?"

Mama Mukantabana anatazama vyuma vyake vilivyotapakaa sakafuni. "Yesu wangu! Mwanangu, unaniacha hivi?"

Celestin anaondoka. Placidia anabamiza spana chini, kuku wanatimua mbio.

"Simlaumu yeye. Mimi pia niliondoka na A yangu nikicheka. Chuo ndicho kilichotufundisha kwamba alama ikishaandikwa, kazi imekwisha."

Chuo hichohicho kimeomba nafasi za wanafunzi wawili mwakani. Placidia na Mzee Kaijage wamekubaliana masharti: mwanafunzi akae muhula mzima, na alama itolewe baada ya kahawa kutoka, mhadhiri na mwenye mashine wakiwa wamesimama hapo hapo.

"Nafasi ipo, na moyo wa kufundisha tunao," anasema, akifunga bolti ya kwanza ya mashine. "Lakini mwalimu asiyeweza kushuka garini asituletee mtoto wa mtu."